Mbao za plastiki za Lamu: zinafaa wapi, hazifai wapi

Mbao zinazoundwa Lamu kwa plastiki iliyosagwa na kuyeyushwa ni mali nzuri, ila fundi asizishike kama anavyoshika mvule. Kwa mabenchi ya nje, sakafu ya gati na chochote kinachorushiwa maji ya chumvi kutwa, tunazipendekeza bila wasiwasi: mchwa hawazili, hazinywi maji, hazidai rangi wala sifa, yale mafuta ya papa. Jahazi la Flipflopi, lililoundwa kwa plastiki hapahapa Lamu chini ya fundi Ali Skanda na kushushwa majini 2018, lilifika Zanzibar mwaka uliofuata. Anayedhani plastiki haistahimili bahari ameshajibiwa.

Udhaifu wake ni kupinda. Ubao wa plastiki namba 2 (namba huchapwa chini ya chombo), ile ya mitungi ya mafuta ya kupikia, unapinda kirahisi karibu mara kumi kuliko mbao ngumu. Wa unene wa milimita 25 uwekewe boriti kila sentimita 30. Ukiziachanisha sentimita 60, katikati utabonyea taratibu na hautarudi. Kwa hiyo usiutumie kubebea dari wala paa.

Jua nalo huurefusha. Ubao wa meta 2, joto likipanda nyuzi 20, huongezeka milimita 5 au zaidi. Ukikazwa kila upande, utajikunja au utang'oa skrubu. Toboa kwanza kwa keekee: skrubu ya milimita 5 ipate tundu la 8 pamoja na washa, ya katikati peke yake ndiyo ikazwe sawasawa. Skrubu ziwe za chuma kisichoshika kutu. Ubao mweusi hustahimili jua zaidi, lakini saa saba mchana haukaliki.

Kabla ya kulipa, tazama pale ulipokatwa. Vitundu vingi ni dalili kwamba plastiki iliyeyushwa ikiwa na unyevu. Ukiona vipande vigumu vinavyong'aa, chupa za maji zimechanganywa humo: namba 2 huyeyuka kwenye nyuzi 130 hivi, chupa hizo hutaka zaidi ya 250, basi hubaki nzima na ubao hupasuka pale zilipo. Ukataeni.

Kosa hilo huanzia jikoni, si kiwandani. Kifuniko cha chupa huelea, chupa yenyewe huzama. Beseni la maji linatosha kuzitenga zikishakatwa vipande. Vifuniko ving'olewe, vyombo vioshwe mafuta, namba 2 na chupa za maji zitiwe mifuko miwili tofauti kabla punda wa taka hajapita. Plastiki iliyotoka nyumbani hutoa ubao bora kuliko ile ya ufukweni, ambayo imeshakaushwa na jua ikawa inavunjika mkononi, na mchanga wake huua visu vya mashine. Kusafisha fukwe wakati wa kusi ni kazi ya lazima na tunaiheshimu sana, lakini anayetaka mbao imara na bahari safi aikamate plastiki mlangoni, kabla mvua haijaisukuma mtaroni.

Jambo la mwisho mafundi wengi hulipuuza: unga wa msumeno. Ni plastiki ileile, sasa ndogo kiasi cha kumezwa na samaki. Katia juu ya turubai, mbali na upepo wa bahari, tumia msumeno wa meno makubwa polepole ili usiyeyushe, kisha unga na vipande virudishwe kwa aliyekuuzia viyeyushwe tena. Usivichome.