Tahadhari: mabamba ya dagerotaipu ya "fedha halisi" yaliyopakwa vanishi

Wapenzi wa dagerotaipu, zile picha za kale zinazopigwa juu ya bamba la fedha lililong'arishwa, hasa mlioko Ulaya mnaoagiza vifaa mtandaoni, kaeni macho. Kuna muuzaji anatangaza mabamba ya shaba yaliyofunikwa fedha, "yameshang'arishwa, tayari kwa dagerotaipu". Nimemlipa pauni 180 kwa mabamba 6. Picha hata moja sijapata.

La kwanza lilifika linang'aa kama kioo. Nikalipitishia ngozi kidogo, nikaliweka juu ya sanduku la iodini, ambayo mvuke wake hulifanya bamba lihisi mwanga. Fedha tupu ikipata mvuke huo hugeuka njano, kisha waridi, ndani ya dakika chache tu. Hili, wapi! Nikalaumu sanduku, nikaziba pembe zake, nikanunua iodini mpya. Wiki mbili natafuta kosa langu, kumbe uso mzima umepakwa vanishi isiyo na rangi, ile ya kuzuia vyombo vya fedha visiwe vyeusi.

Nikaitoa kwa asetoni. Bamba likashika unjano, nami nikashangilia mapema mno, kwani lilikuwa mabakamabaka. Kulisugua upya kidogo tu, shaba ikachungulia pembeni, nyekundu kabisa. Fedha yenyewe ni utando.

Nilipolalamika, jamaa akasema kosa ni langu: eti nichemshe zebaki jikoni hadi itoe moshi, na chupa ya zebaki anayo, ataniuzia. Hapo ndipo nilipoamua kuandika. Mvuke wa zebaki hauonekani, hauna harufu, na huharibu ubongo na figo. Msithubutu! Daguerre, mvumbuzi wa dagerotaipu, aliitumia kweli ili taswira ijitokeze kwenye bamba, njia yake ikatangazwa Paris mwaka 1839, lakini tangu ugunduzi wa Edmond Becquerel wa 1840 kuna njia isiyoihitaji: bamba lililopata iodini peke yake, likishapigwa picha, huwekwa chini ya kioo chekundu juani kwa saa kadhaa, taswira ikajitokeza yenyewe. Mimi hutumia hiyo.

Ukishapokea bamba, kabla ya kulisugua, gusa uso wake taratibu kwa ncha mbili za mita ya mkononi ya fundi umeme (multimeter), ikiwa kwenye sehemu ya kupimia kama waya umekatika. Ikilia, ni metali tupu. Ikinyamaza, kuna vanishi. Rudisha siku hiyohiyo. Mimi nilichelewa, muda wa kurudisha ukapita.

Duka lake limeshabadilisha jina mara mbili tangu Machi, ila picha za tangazo ni zilezile: mabamba matatu juu ya kitambaa cha buluu, moja lina mkwaruzo kona ya kushoto.