TAHADHARI: Mzee wa "bunduki za askari wa Mjerumani" ni tapeli, kaniliza dola 1,850

Jamani, nimelizwa. Naandika hasira imenikaba na aibu juu yake, shemeji yenu yuko jikoni anacheka mpaka kikohozi. Mnaozunguka magulio ya bunduki huku Ohio na kwa majirani Indiana, kuna mzee wa Kizungu ana meza ya pembeni, karibu na mlango wa choo, kaitandika khanga. Khanga kabisa, yenye jina lake chini! Mkimwona piteni mbali.

Ukuta wangu wa bunduki za kale za kijeshi mnaujua. Mosin ya Mrusi, Mosin ya Mfini yenye muhuri wa SA (jeshi la Ufini), Enfield ya Ishapore kule India na nyingine ya Long Branch Kanada, Mauser ya Mswidi yenye kisahani cha shaba kitakoni, K31 ya Mswisi, na nyinginezo. Nchi kumi na moja. Kila mgeni akishazikagua anauliza swali lilelile: na ya kwenu iko wapi? Babu yangu wa Songea alikuwa askari wa Mjerumani, habari yake mnaifahamu, siirudii hapa. Basi hilo pengo la ukutani lilikuwa linaniuma.

Sasa Jumamosi nafika pale, mzee ananiona tu anasema "Shikamoo bwana!" Mtu wa miaka sabini na kitu ananiamkia mimi. Nikacheka, nikamweleza shikamoo inatoka kwangu kwenda kwake, naye akacheka, tukawa marafiki hapohapo. Akaniambia babu yake alikuwa mmisionari Tukuyu. Akataja Tukuyu sawasawa, na mvua zake, na ndizi zake. Miaka kumi na nne niko nchi hii sijawahi kusikia mtu kwenye gulio akitaja Tukuyu. Ningefanyaje?

Akainama, akatoa chini ya meza kitu kimeviringishwa kwenye blanketi la jeshi. Mauser ya 1871. Hapa ndipo nataka mnielewe kabla hamjanicheka. Tapeli wa kawaida angeniletea 98, yaani Mauser ya 1898, kwa sababu kila anayetazama sinema anadhani Mjerumani na 98 ni kitu kimoja. Lakini sisi tuliosoma tunajua vita ilipoanza 1914 kampuni nyingi za askari wa Lettow-Vorbeck, kamanda wa Mjerumani Afrika Mashariki, zilikuwa bado zinabeba ile kongwe ya 71, risasi moja moja, milimita 11, baruti ya moshi. Pale kwenye mapigano ya Tanga mwezi wa Novemba, ukifyatua tu, moshi unakuonyesha ulipo. Mzee huyu alileta bunduki sahihi! Moyo ukaniambia huyu anajua, na anayejua hadanganyi. Upumbavu gani huo.

Mdomo wa mtutu ulikuwa na kizibo cha shaba, kimebana. Akasema ni cha enzi hizo, tusikilazimishe kisije kikavunjika. Bolti (kile chuma cha nyuma kinachofunga chumba cha risasi) imefungwa na ile kamba ya plastiki wanayoweka mlangoni kwa usalama, nikaomba tuikate nichungulie ndani, akasema sheria ya ukumbi hairuhusu. Nikakubali. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Nikuonyeshe kitu sijamwonyesha mtu leo." Akatoa bisibisi mfukoni, akafungua skrubu mbili za bamba la kitako, taratibu, kama anafungua Msahafu. Ndani kuna karatasi imekunjwa mara nne, rangi ya chai ya rangi. Akanipa niikunjue mwenyewe. Imeandikwa kwa mkono: "Askari, 6. Kompanie, Tanganyika 1914."

Nililia. Semeni mtakavyo. Nilisimama karibu na mlango wa choo nimeshika karatasi ile, machozi yananitoka, mzee kaniwekea mkono begani ananiambia "pole, pole". Alitaka 2,400. Nikamwambia nina 1,850, za kubadilisha matairi ya gari. Akanyamaza kidogo, akatazama dari, akasema kwa ajili ya babu yako, chukua. Taslimu. Na kwa kuwa imetengenezwa kabla ya 1899, sheria ya serikali kuu huku inaihesabu ni kitu cha kale: hakuna fomu, hakuna kupiga simu kukaguliwa, na jina la mzee halimo popote. Risiti ni kikaratasi, "bunduki ya kale, kama ilivyo", na sahihi kama nyoka.

Nyumbani nikaiweka mezani, nikawaita watoto. Nikasoma karatasi kwa sauti. Binti yangu, darasa la nane, akauliza, "Baba, si ulisema jina Tanganyika walileta Waingereza baada ya vita?" Nilisema mimi mwenyewe! Wajerumani walikuwa wanaita Deutsch-Ostafrika. Nikahisi baridi tumboni.

Nikakata kamba, nikang'oa kizibo. Nikachukua penseli ya mtoto, nikajaribu kuiingiza mdomoni mwa mtutu. Haikuingia. Bunduki ya milimita 11 inakataa penseli! Nikaupaka mtutu mafuta, nikasugua ile kutu (nayo ilikuwa ya kupakwa), yakatokea maandishi: St Denis. Hiyo ni Ufaransa. Nikampigia mzee wetu wa Cleveland, mjuzi wa bunduki za kale, akacheka mpaka nikakata simu. Nilipompigia tena akaniambia hiyo inaitwa Dovitiis. Mjerumani aliiunda, ikauzwa Uruguay, miaka ya 1890 Wafaransa wakaitia mtutu mpya wa milimita 6.5 kwa ajili ya hao hao Uruguay. Bei yake, akasema, dola 400 nikipata mwenye huruma. Basi nimeongeza Ujerumani, Ufaransa na Uruguay kwa mpigo mmoja, na pengo la ukutani liko palepale. Shemeji yenu sasa ananiita Uruguay mbele za watu.

Nilikwenda kwa sherifu. Kijana alinisikiliza vizuri, akasema hiyo ni kesi ya madai, nitafute wakili. Nimpe wakili nini, matairi? Mwenye ukumbi naye anasema meza hukodishwa kwa siku. Namba ya simu ya mzee haipo hewani. Mtu wa namna hii afungiwe kila gulio la nchi hii, picha yake ibandikwe mlangoni, na akamatwe na arudishe hela za watu mbele ya hao aliowaliza. Anatumia makaburi ya wazee wetu kutafuta hela ya mafuta! Ile khanga wamnyang'anye kwanza.

Dalili zilikuwepo, nakiri. Wenye meza wengi hufunga kamba bolti ikiwa nyuma, uone mwenyewe chumba kitupu. Yake ilikuwa imefungwa mbele. Kizibo. Kutu ya rangi moja kila mahali. Na karatasi chini ya bamba la kitako ni desturi ya Waswisi, mimi nina K31 yenye karatasi hiyohiyo, na sikushtuka.

Kama kuna aliyenunua kwake, fungua kitako leo hii utazame. Mwandiko unaegemea kushoto, na herufi K ina mkia mrefu. Ukiukuta nitafute, tukiwa wawili au watatu yule sherifu atatusikiliza kwa namna nyingine.