ReliefWeb: huduma inayobaki na kimbunga baada ya kamera kuondoka

Kwa anayetaka kufuatilia hali ya watu wa mwambao wetu baada ya kimbunga kupita, na hasa baada ya vyombo vya habari kuhamia kwenye jambo jingine, sijaona huduma inayofaa kuliko ReliefWeb. Ni tovuti ya bure inayoendeshwa na Ofisi ya Umoja wa Mataifa ya Kuratibu Masuala ya Kibinadamu, OCHA, na imekuwapo tangu mwaka 1996. Hukusanya taarifa za maafa kutoka kwa serikali, mashirika ya Umoja wa Mataifa, vyama vya Msalaba Mwekundu na asasi za kiraia, ikazipanga kwa nchi, tarehe na tukio, na mtu yeyote anaweza kuzisoma bila kujisajili.

Kipimo changu cha huduma hii ni kimbunga Chido. Tarehe 14 Desemba 2024 kilipiga kisiwa cha Mayotte, ambacho ni sehemu ya Ufaransa, na siku iliyofuata kikatua wilaya ya Mecúfi katika mkoa wa Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji, kisha kikaendelea hadi Malawi. Kwa hesabu rasmi watu wapatao 40 walikufa Mayotte, 120 Msumbiji na 13 Malawi, ingawa wengi hawaamini hesabu ya Mayotte, kwa sababu vitongoji vya mabanda vilivyosombwa vilikaliwa na wahamiaji wengi wasio na hati. Rais Emmanuel Macron alifika Mayotte siku chache baadaye na kuzomewa mbele ya kamera, Ufaransa ikaomboleza kitaifa tarehe 23 Desemba, na waziri mkuu wake wa wakati huo, François Bayrou, akalaumiwa vikali kwa kusafiri kwenda kwenye kikao cha baraza la mji wake wa Pau wakati kisiwa kikiwa hakina maji wala umeme. Kufikia Februari 2025 bunge lilikuwa limepitisha sheria ya dharura kwa ajili ya Mayotte. Watu wa Mayotte walistahili hayo yote, na zaidi. Lakini ng'ambo ya mlango wa bahari, kimbunga hicho hicho kilikuwa kimeua mara tatu ya idadi hiyo, na katika matangazo mengi ya kimataifa Mecúfi ilipata sentensi moja mwishoni mwa habari ya Mayotte.

Ndani ya ReliefWeb mizani inakuwa tofauti. Ukichagua Msumbiji na kuweka tarehe kuanzia katikati ya Desemba 2024, unapata taarifa zinazofuatana: nyumba zilizoanguka, shule na vituo vya afya vilivyoezuliwa mapaa, chakula kilichogawiwa na mahali ambapo hakijafika. Ukiendelea kushuka unakutana na Dikeledi, kilichoupiga mkoa wa Nampula, jirani wa Cabo Delgado upande wa kusini, Januari 2025, na Jude kilichoipiga tena Nampula Machi 2025. Vimbunga vitatu ndani ya miezi mitatu viliangukia eneo lile lile la kaskazini, watu wakiwa bado wanatafuta mabati na makuti ya kuezekea, na mkoa wa Cabo Delgado ukiwa katika vita tangu Oktoba 2017. Dunia iliyosikia habari za cha kwanza kwa sababu ya Mayotte haikusikia karibu lolote kuhusu cha tatu. Kila kimoja kina taarifa zake pale, na hii ndiyo sababu kubwa ya kuipenda huduma hii.

Mpangilio huo huo unasaidia kurudi nyuma. Mwaka 2019 kimbunga Idai kilitua karibu na mji wa Beira, katikati mwa Msumbiji, usiku wa kuamkia tarehe 15 Machi, na wiki sita baadaye Kenneth kikapita Komoro na kuingia Cabo Delgado kikiwa na upepo mkali kuliko wa Idai. Kwa kuwa vifo vya Kenneth vilikuwa vichache na wahariri walikwisha kuandika sana kuhusu Beira, wilaya za Ibo na Macomia huko Cabo Delgado hazikupata nafasi waliyoipata jirani zao wa kusini. Hata sisi Tanzania tuliona jambo linalofanana nalo Mei 2024: habari zilisisitiza kwamba Hidaya kilikuwa kimepoteza nguvu, ilhali barabara ya Dar es Salaam hadi Lindi ilikuwa imekatika Somanga.

Kasoro za huduma hii si ndogo. Kwanza, inachapisha yale ambayo mashirika na serikali zimeandika, kwa hiyo mahali ambapo hakuna shirika lenye ofisi, ukurasa hubaki mwembamba hata kama madhara ni makubwa. Taarifa hizo pia hazimhoji mtu. Zitakueleza ni familia ngapi zimekosa makazi, lakini hazitauliza kwa nini kiongozi fulani amechelewa. Waandishi wa Ufaransa walimuuliza Bayrou. Waandishi wa Msumbiji, ambao wiki hizo hizo walikuwa katikati ya machafuko yaliyofuata uchaguzi wa Oktoba 2024 na ambao hawawezi kuzunguka kwa uhuru Cabo Delgado, walikuwa na nafasi ndogo mno ya kufanya vivyo hivyo. Pengo hilo tovuti haiwezi kuliziba.

Kasoro inayoniumiza zaidi ni lugha. Karibu kila kitu ni Kiingereza, pamoja na Kifaransa, Kihispania na Kiarabu. Mwenyeji wa Ibo, msemaji wa Kimwani ambaye Kiswahili hakimpi shida, anaandikwa katika ripoti hizi bila kuweza kuzisoma, kwa sababu zimekusudiwa wafadhili na maofisa. Muhtasari wa Kiswahili wa nusu ukurasa kwa kila kimbunga kinachopiga kati ya Mafia na Nampula haungeigharimu OCHA kiasi cha kushindwa.

Pamoja na hayo, ninaipendekeza bila kusita, na kwanza kabisa kwa wahariri wa redio na magazeti ya Kiswahili. Isomeni pamoja na huduma nyingine ya OCHA inayoonyesha fedha zilizoombwa na zilizotolewa kwa kila dharura, inayojulikana kwa kifupi kama FTS. Msimu wa vimbunga katika upande wetu wa Bahari ya Hindi huanza Novemba hadi Aprili. Kimbunga kikitua, wekeni kwenye kalenda ya chumba cha habari siku ya kurudi kukitazama baada ya miezi mitatu, na siku hiyo anzeni na wilaya ambazo hazikutajwa mara ya kwanza.