Filta ya mwani kwenye tangi la samaki: uzoefu wangu

Kama una tangi lenye samaki wengi na unawalisha vizuri, filta ya mwani, yaani inayootesha mwani ili usafishe maji, nunua. Mimi nafuga samaki wa dhahabu hapa Sinza, tangi la lita 200, na samaki hawa wanakula sana na kuchafua vilevile.

Yangu imetengenezwa na fundi wa hapa hapa Dar. Ni boksi la plastiki ngumu linaloning'inia ukingoni mwa tangi. Ndani kuna wavu uliokwaruzwa, pampu ndogo inaumwagia maji na taa nyekundu ya LED inaumulika. Mwani unaota pale badala ya kujaa kwenye vioo. Walter Adey wa taasisi ya Smithsonian, Marekani, alilifanyia kazi wazo hili tangu miaka ya 1980.

Filta ya sponji peke yake haimalizi kazi. Bakteria wake wanageuza amonia ya samaki kuwa naitraiti, kisha naitreti, basi. Naitreti inabaki majini pamoja na fosfeti ya chakula, na zote mbili ni virutubisho vya mwani. Kwa mwanga na joto letu, mwani utaota tu. Afadhali uote unapoweza kuuvuna, maana kila ukivuna unatoa naitreti na fosfeti nje ya tangi.

Kilichonivutia kuliko vyote ni rangi ya mwani wenyewe. Mwanzoni kipimo cha matone kilisoma naitreti karibu miligramu 80 kwa lita, na wavu ukashika utelezi mweusi. Iliposhuka hadi 20 hivi, zikaota nyuzi ndefu za kijani, nzuri kabisa. Virutubisho vikipungua mno huku taa ni kali, mwani unakuwa wa manjano na kudumaa. Hapo punguza saa za taa. Mimi huiwasha usiku, taa ya tangi ikiwa imezimwa, na pH, yaani kiwango cha asidi majini, haiyumbi sana. Vuna kila wiki au mbili. Ukiuacha unene, wa chini unakosa mwanga, unaoza na kurudisha uchafu majini.

Muuzaji aliniambia sitabadilisha maji tena. Hapo sikubaliani naye hata kidogo: madini yanaisha, na mengine yanajilimbikiza. Pia pima maji ya kisima kabla ya kuyatia. Kwenye mitaa yenye vyoo vya shimo vingi, naitreti inaweza kuwa juu hata kabla ya samaki kuingia.

Umeme ukikatika muda mrefu wavu unakauka na mwani unakufa, kwa hiyo pampu iwe na betri ya akiba. Mwenye mimea ya maji asihangaike nayo, mimea yake itanyang'anywa chakula. Na fundi angeweka mfuniko wa kufunguka, kwani sasa kuvuna ni mpaka uzime pampu na kushusha boksi zima.