Chumbe: Huduma ya Waongozaji kwa Mgeni Anayependa Viumbe Wadogo wa Mwamba

Wengi wanaotembelea Chumbe, kisiwa kidogo kilichopo kusini ya mji wa Zanzibar, hurudi wakisimulia samaki wa rangi, kasa na mnara wa taa uliojengwa mwaka 1904. Mimi naisifu huduma ya waongozaji wake kwa sababu ya kiumbe ambaye mgeni angeweza kumpita bila kumwona, yaani kaa mdogo anayeishi ndani ya gamba tupu la konokono.

Maji yalipokupwa, mwongozaji wetu alisimama kando ya kidimbwi kilichobaki juu ya mwamba, akatuonyesha gamba lisilotikisika na kusema, "Tulieni, atatoka mwenyewe." Hakuliinua wala hakuligeuza. Baada ya muda ulisogea ule mkono wa kushoto, mkubwa, laini na mweupe, ambao kaa huyu, aitwaye kitaalamu Calcinus laevimanus, huutumia kuziba mlango wa gamba anapojificha. Kisha yakachomoza macho yenye rangi ya buluu na ya chungwa. Tulielezwa kwamba tumbo lake ni laini na limejipinda kufuata mzunguko wa gamba, na kwamba kila anapokua hulazimika kutafuta gamba kubwa zaidi, akilipima kwanza kwa mikono kabla ya kuthubutu kuhama.

Hapo ndipo marufuku ya kuokota kome na kauri, ambayo tulitangaziwa mapema, ilipopata maana kamili kwetu, kwa kuwa kila gamba linalouzwa kama pambo mjini lingeweza kuwa makazi ya mnyama kama huyu. Walinzi wa mwanzo wa hifadhi hii, iliyotangazwa rasmi mwaka 1994, walikuwa wavuvi wa vijiji vya jirani, na naamini subira hiyo ya kumwacha kiumbe ajitokeze mwenyewe ni elimu ya watu walioijua bahari tangu utotoni.

Anayetaka kuzamia kwa mitungi ya hewa aende kwingine, kwa sababu hapa wageni huogelea kwa miwani na mrija tu. Vilevile, aulize habari za kupwa na kujaa kabla ya kuchagua siku, kwani vidimbwi huonekana vizuri zaidi wakati wa bamvua, yaani siku ambazo maji hujaa na kupwa kuliko kawaida.

Mwenye uwezo wa kulala kisiwani asikose matembezi ya usiku, ambapo huonekana kaa wa minazi, ndugu wa huyu mdogo, anayeweza kufikia uzito wa kilo 4. Naye akiwa mchanga hubeba gamba la konokono, kisha huliacha ngozi yake inapokuwa ngumu. Ningemshauri mgeni aanze na vidimbwi mchana, ndipo amtazame huyo mkubwa usiku.