Pampu ipi ya petroli ununue kwa gari lenye tabo

Nimenunua pampu tatu za petroli kwa gari moja, Subaru Impreza WRX STI, ndani ya miezi minane. Mbili za kwanza huenda hazikuwa na kosa lolote, na hilo ndilo linaloniuma. Pesa yangu ilikwenda kwa sababu hakuna muuzaji aliyeniuliza swali moja dogo kabla ya kupokea hela.

Ilikuwa hivi. Baada ya kuongeza presha ya tabo, kile kifaa kinachosukuma hewa ya ziada ndani ya injini, kila nikifika gia ya tatu, mizunguko 5,500 kwa dakika, gari lilikuwa linasita kama limeshikwa kwa nyuma. Geji ya mchanganyiko wa hewa na petroli, ambayo hapo ilipaswa kukaa karibu na 11, yaani sehemu 11 za hewa kwa moja ya petroli, ilikuwa inapanda hadi 13. Kwa asiyeizoea namba hiyo: tabo inaposukuma kwa nguvu zote, 13 maana yake petroli haitoshi. Joto linapanda ndani ya silinda, injini inaanza kugonga, na ukiendelea kukanyaga unaua pistoni. Niliondoa mguu. Fundi akaniambia, "Dada, pampu imechoka, weka kubwa." Nikaweka ya lita 255 kwa saa. Hali ileile. "Basi weka kubwa zaidi." Nikaweka, na gari likaanza kusita mapema zaidi, kwenye mizunguko 5,000.

Pampu imeongezeka ukubwa, petroli imepungua. Kwa wiki mbili sikupata usingizi mzuri kwa ajili ya jambo hilo.

Fundi wa tatu, mzee asiye na maneno mengi, hakuuliza hata ni pampu ya kampuni gani. Alifungua kifuniko cha juu ya tangi, akachomeka ncha za multimita, kipima umeme chake, nyuma ya plagi ya pampu, akavuta nyaya zake mpaka kiti cha mbele, akaniambia niendeshe yeye asome. Gari likiunguruma bila kwenda, volti 12.9. Nilipokanyaga mpaka mwisho, 10.9. Tulirudi tukapima betri injini ikiwa imewashwa: 13.8. "Mwanangu," akasema, "hii pampu haijala." Kisha akachomoa plagi akanionyesha. Tundu moja kati ya yale ya nyaya nene, plastiki yake ilikuwa imekuwa kahawia na kuvimba ukingoni, na kijipini cha shaba ndani kimepauka kama chuma kilichopita motoni.

Hapo ndipo penye kasoro isiyotajwa kwenye maelezo ya bidhaa. Nyaya zilizotoka kiwandani zilipimwa kwa pampu ya kiwandani. Chukua mfano: nyaya, plagi na ardhi (waya unaorudisha umeme kwenye mwili wa gari) kwa pamoja vina ukinzani wa omu 0.2. Pampu inayovuta ampea 5 itapoteza volti 1 njiani, na hakuna atakayejua. Weka inayovuta ampea 10, utapoteza volti 2, na wati 20 za joto zitabaki humo njiani, nyingi zikikusanyika pale kijipini kilipolegea. Kijipini kikipata moto kinalegea zaidi, ukinzani unapanda, volti zinashuka tena. Na pampu husukuma kwa kadiri ya volti inazopata. Kutoka 13.5 kushuka hadi 12 tu kunaweza kukunyang'anya karibu moja ya tano ya petroli, na presha ikiwa juu hasara huwa kubwa zaidi. Kwenye 10.9 usiulize.

Kwa hiyo kabla hujanunua chochote, pima hivyo: kwenye plagi, gari likiwa na mzigo, usipime limesimama. Ukikuta tofauti na betri inazidi nusu volti, tatizo la kwanza si pampu. Vuta waya mpya mnene kutoka betri, milimita za mraba 4 au zaidi, wenye fyuzi karibu na betri, upite kwenye relei, swichi inayowashwa kwa umeme mdogo, na uweke ardhi mpya ya unene uleule. Ardhi husahauliwa kuliko kitu chochote! Relei iwashwe na mfumo wa gari wenyewe ili injini ikizimika, hata kwa ajali, pampu nayo inyamaze. Wenye Subaru kama yangu waangalie hapa: kuna kidhibiti kinachoendesha pampu kwa hatua tatu, asilimia 33, 67 na 100, kwa kukata na kurudisha umeme haraka haraka. Ukiiwasha relei kwa umeme huo wa mapigo itatetemeka mpaka ife, kwa hiyo chukua ishara kabla ya kidhibiti. Toyota Supra JZA80 nayo ina kompyuta ndogo ya pampu inayopunguza volti mzigo ukiwa mdogo, basi huko nako jua waya unaoshika ni upi.

Dalili nyingine nazipitia haraka. Gari likichelewa kuwaka asubuhi, lakini likishawaka liko sawa, mara nyingi ni valvu ya kuzuia petroli isirudi tangini. Pampu ikilia kwa sauti kali wakati tangi lina petroli ya kutosha, angalia chujio la chini, huenda limeziba. Likikata kwenye kona tu, petroli inakimbilia upande mmoja wa tangi, na pampu kubwa haitakusaidia.

Sasa kununua. Kuhusu lita sitakaa sana, maana watu wanazipapatikia bila sababu. Injini ya tabo yenye nguvu farasi 400 hutaka takriban lita 150 za petroli kwa saa, na kwa E85, mafuta yaliyochanganywa na ethanoli nyingi, ongeza kama theluthi moja. Muhimu ni lita hizo zinapatikana kwenye presha gani. Kama presha ya msingi ni bar 3 na tabo inasukuma 1.5, pampu inafanya kazi dhidi ya 4.5. Muuzaji anayekutajia lita bila presha na bila volti hajakwambia kitu.

Namba moja kwangu ni DeatschWerks DW65c, na sioni haya kusema ninaipendelea. Ni ya lita 265, umbo lake dogo linaingia kwenye kishikio cha kiwandani bila kukata wala kusaga, na inauzwa na vifaa vya kufungia vya gari husika. Sababu yangu kubwa ni kwamba kampuni hii inachapisha jedwali la kila pampu: presha hii, volti hizi, lita hizi, ampea hizi. Ile safu ya ampea ndiyo iliyoniwezesha kukadiria waya na fyuzi kabla sijafungua pochi. Ukihitaji zaidi, ndugu yake DW300c ni ya lita 340. Hii DW65c ndiyo pampu yangu ya tatu, na kwa nyaya mpya inapata volti 13.4 nikiwa nimekanyaga mpaka mwisho. Mchanganyiko umetulia kwenye 11.1.

Ya pili ni Walbro GSS342, ile 255 ambayo kila mtu anaijua. Imethibitika kwa miaka mingi na haivuti umeme wa kupindukia. Inalia, kwa sababu ndani ina gia za kusukuma badala ya pangaboi dogo, na sauti hiyo utaisikia kwenye foleni. Hakikisha ni 342, kwa kuwa GSS341 inafanana nayo lakini valvu yake ya usalama hufunguka presha ikiwa chini zaidi. Na kwa kuwa ina jina, imeigwa kuliko zote. Nunua kwa msambazaji anayetambuliwa na kampuni au acha.

AEM ya lita 340 naiweka ya tatu. Nzuri, na ipo inayostahimili E85. Ila kwa gari la nguvu farasi 350 ni kubwa bure: petroli isiyotumika inazunguka kwenda mbele na kurudi tangini ikipata joto, na regyuleta ndogo ya kiwandani, ile inayodhibiti presha ya petroli, inaweza kushindwa kuirudisha yote gari likiwa limetulia, presha ikapanda.

Walbro F90000267, inayoitwa 450, ninaiheshimu, lakini inaweza kuvuta zaidi ya ampea 15 presha ikipanda. Usiifunge kwenye plagi ya zamani hata kwa siku moja ya majaribio. Badilisha hadi vijipini vinavyopenya kifuniko cha tangi. Bosch 044 ni ya kufungwa nje ya tangi na haijui kuvuta, inataka kulishwa na pampu nyingine, hivyo mwenye gari la kila siku aipite.

Zile zisizo na jina ndani ya boksi jeupe, hapana. Zikifa, unakuwa umekanyaga.

Na sasa nina neno na wauzaji. Pampu yangu ya pili niliirudisha ikiwa imefanya kazi siku nne. Nikajibiwa kwamba ikishagusa petroli hairudi, sheria ya duka. Sawa, lakini mbona mliponiuzia hamkuniambia inavuta ampea ngapi? Nilimwuliza kijana wa kaunta, akageuza boksi pande zote sita, hakuna namba. Pampu inauzwa kwa bei hiyo, na karatasi yenye safu mbili za namba imewashinda.

La hosi ndilo baya zaidi. Kwenye pakiti ile kulikuwa na kipande cha hosi ya kuunganisha pampu na kishikio chake. Nilipokitoa baada ya siku hizo nne kilikuwa kimevimba na kulainika, ukikibonyeza kinaacha alama ya kidole. Ilikuwa hosi ya kawaida ya petroli, iliyotengenezwa kubeba petroli ndani yake ikiwa nje ya tangi. Ya kuzama ndani ya petroli imeandikwa alama ya kiwango SAE 30R10 ubavuni. Ukikuta 30R7, au ukikuta hakuna maandishi kabisa, iweke kando ununue nyingine, urefu wa kiganja tu unatosha, na uifunge kwa klempu mpya pande zote mbili kabla hujarudisha kifuniko.