Pan F Plus katika joto la Kisumu: filamu ya chembe ndogo na dawa ya kuisafishia

Kwa miezi minane sasa nimepiga na kusafisha mwenyewe roli kumi na moja za filamu nyeusi-nyeupe ya Ilford Pan F Plus hapa Kisumu, zote za milimita 35 na zote, isipokuwa moja, katika dawa ya ID-11, nikizilinganisha na FP4 Plus na Kodak T-Max 100 ambazo nilizizoea kabla yake. Uamuzi wangu ni kwamba Pan F Plus inazishinda hizo mbili kwa mawe, mbao, nyavu na kila kitu ambacho uzuri wake uko kwenye ngozi yake ya juu, lakini inamdai mpigapicha wa kandokando ya ziwa mambo mawili asiyoweza kuyakwepa: aiepushe na jua la saa sita, na ayapoze maji yake.

Nianze na picha iliyonishawishi. Kit Mikayi, yale mawe makubwa ya matale yaliyopandana kule Seme, kwenye barabara ya Bondo, ambayo jina lake kwa Kidholuo ni jiwe la mke wa kwanza, niliyapiga saa mbili asubuhi mwanga ukiwa unayapitia kwa ubavu, kamera ikiwa juu ya miguu mitatu, tundu la lenzi kwenye f/8 na shata kwenye 1/60 ya sekunde. Nilipoikuza picha hiyo hadi sentimita 30 kwa 40 na kuisogelea kwa kioo cha kukuzia, niliona vipande vya kwatsi vikimeta ndani ya jiwe, nikaona na ukungu mkavu uliolishika jiwe kama madoa ya chokaa, na ilinibidi niitafute chembe ya filamu yenyewe kwenye anga, kwa sababu kwenye jiwe haikuonekana kabisa. Picha ya mahali hapohapo niliyokuwa nimeipiga zamani kwa filamu ya kasi (wepesi wa kunasa mwanga) ya 400 ilikuwa na mvuto wake, ila chembe za filamu zilikuwa zimechanganyika na chembe za jiwe hata usijue kipi ni kipi.

Sababu yake haina uchawi. Filamu ya kasi ya chini ina fuwele ndogo za chumvi za fedha, na fuwele ndogo hukamata mwanga kidogo, ndiyo maana Pan F Plus ina kasi ya 50 tu na inahitaji mwanga mara nane zaidi ya ile ya 400. Hata hivyo fuwele ni nusu ya habari, kwani nusu nyingine iko kwenye dawa. ID-11, ambayo kwa mchanganyiko wake ni ndugu wa D-76 ya Kodak, ina gramu 100 za salfaiti ya sodiamu katika kila lita, na salfaiti hiyo nyingi huzilamba kingo za chembe za fedha wakati filamu inasafishwa, zikawa laini zaidi machoni. Ukiipunguza nguvu kwa kuchanganya sehemu moja ya dawa na sehemu moja ya maji, ulambaji huo hupungua, chembe huonekana zaidi kidogo, lakini kingo za vitu kwenye picha huwa kali. Kwa filamu ambayo chembe zake ni ndogo tangu kiwandani, mimi huchagua ukali huo bila kusita. Rodinal, dawa ya tangu mwaka 1891, haina ulambaji wa namna hiyo na huiacha chembe ilivyo; niliijaribu kwa roli moja na nikarudi kwenye ID-11, kwani sikuona maana ya kununua filamu laini kisha kuiparuza.

Sasa jua. Kisumu iko karibu kabisa na ikweta, na ifikapo saa sita jua husimama utosini, kofia ya mvuvi ikamfunika uso wote kwa kivuli huku mashua nyeupe iliyo nyuma yake ikiwaka. Pan F Plus kwa tabia yake ina kontrasti kubwa, na katika mwanga huo hukupa weusi mtupu na weupe mtupu, bila kijivu cha katikati ambacho ndicho kinachobeba sura ya mtu. Katika roli ya pili nilimpiga mzee mmoja pale ufukweni Dunga akitengeneza wavu saa saba mchana, naye alikuwa amenikalia kwa subira kubwa. Macho yake hayamo kwenye negativu (filamu iliyosafishwa, ambayo weupe wa picha huwa mweusi), si kwamba yamefifia, hayamo. Tangu siku hiyo nakiweka kipima mwanga kwenye kasi ya 32 badala ya 50, ili vivuli vipate chakula cha kutosha, kisha nafupisha muda wa kusafisha ili weupe usivimbe. Muda wa kawaida katika ID-11 ya sehemu moja ya dawa kwa moja ya maji ni dakika nane na nusu kwa nyuzi 20 za Selsiasi. Mimi hutumia dakika saba. Picha za watu huzipiga kabla ya saa tatu asubuhi au baada ya saa kumi jioni.

Jambo la maji ndilo lililonigharimu zaidi. Vipimo vyote vya muda huandikwa kwa nyuzi 20, ilhali maji ya bomba nyumbani kwangu, tangi likiwa juu ya paa, hutoka yakiwa na nyuzi 26 au 27 mchana. Roli ya kwanza niliisafisha kwa maji hayo kwa dakika nane na nusu kamili, na negativu ilitoka nzito kama lami, anga ikiwa ukuta mmoja usiopitisha mwanga, na chembe zake zimevimba hata sifa yote ya filamu hiyo ikapotea. Kufupisha muda ni jibu la kiasi tu: kwa nyuzi 24 dakika nane na nusu hushuka hadi karibu sita, lakini ukizidi kupanda joto utafika chini ya dakika tano, na hapo dawa haipati nafasi ya kuenea sawasawa, ikaacha mawimbi ya weusi kando ya vitundu vya filamu.

Suluhisho nimelipata kwenye mtungi. Maji yanayolala ndani ya mtungi wa udongo, mahali penye upepo, huamka yakiwa na nyuzi 22 hivi, kwani mtungi hutoa jasho na jasho huondoka na joto. Nyuzi mbili zilizobaki nazimaliza kwa beseni la maji lenye vipande vya barafu, ile wanayouziwa wachuuzi wa samaki, ambamo nasimamisha chupa za dawa zote tatu, ya kusafishia, ya kusimamisha na ya kukazia, pamoja na tangi la kusafishia filamu. Barafu isiingie ndani ya dawa, na chupa zote zilingane joto kabla ya kuanza, kwa sababu filamu ikirushwa kutoka dawa ya baridi hadi maji ya moto inaumia. Kwa roli moja napima mililita 150 za dawa na 150 za maji ya betri, yale yaliyochujwa chumvi yanayouzwa kwenye vituo vya mafuta, nageuza tangi mara nne ndani ya sekunde kumi za mwanzo na mara nne mwanzoni mwa kila dakika, kisha nakimwaga kichanganyiko hicho. Pakiti ya lita moja hutosha roli sita. Ndugu zetu wa Nakuru, walio juu zaidi na wenye usiku wa baridi, wana nafuu kubwa katika hili.

Kuhusu zile filamu mbili nyingine sina mengi. T-Max 100, iliyoingia sokoni mwaka 1986 na fuwele zake bapa, ina chembe ambazo kwenye ukubwa wa sentimita 30 kwa 40 sikuweza kuzitofautisha na za Pan F Plus, nayo ina kasi mara mbili. Lakini huadhibu kila kosa la joto, na hutaka kukaa zaidi ndani ya fiksa, yaani dawa ya kukazia picha, ndipo rangi yake ya zambarau iishe. FP4 Plus ya kasi ya 125 ndiyo ningempa mtu anayeanza: dakika kumi na moja katika ID-11 ya sehemu moja kwa moja ya maji, husamehe jua na husamehe mkono, na chembe zake ni ndogo za kutosha kwa picha yoyote ya kutundika sebuleni.

Pan F Plus ina udhaifu mmoja zaidi unaostahili kusemwa wazi, kwamba picha iliyopigwa haikai vizuri ndani yake kabla ya kusafishwa. Roli moja niliiacha ndani ya kamera kwa zaidi ya miezi minne, na picha za mwanzo zilitoka zimenyauka. Ipigwe na isafishwe mwezi huohuo.

Kwa kusuuza natumia njia ya Ilford yenyewe, ambayo ni rafiki wa nyumba isiyo na maji kila siku: jaza tangi, geuza mara tano, mwaga, jaza, geuza mara kumi, mwaga, jaza tena, geuza mara ishirini. Kukausha ndiko kunakotaka uangalifu hapa, kwani vile vijidudu vinavyopanda kwa mawingu kutoka ziwani hufuata taa, na kimoja kikitua juu ya filamu mbichi hukwama na bawa lake hubaki kwenye picha milele. Naitundika bafuni, dirisha likiwa limefungwa na taa imezimwa, naiacha mpaka asubuhi, kisha naikata vipande vya picha sitasita.